Bima ya Mpanda Mnara

Kila kazi ina hatari zake, na za kazi ya mnara wa simu zilizo kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kuanguka, nayo kila mtu huijua. Ya pili ni mawimbi ya redio yatokayo katika antena, nayo haionekani kwa jicho. Napenda, msomaji, tuitazame hii ya pili, maana huenda kesho ukawa fundi wa minara.

Mawimbi haya si sawa na eksirei. Yakiwa na nguvu nyingi hupasha joto nyama ya mwili, lakini nguvu hizo hupungua upesi: umbali ukizidi mara mbili, hubaki robo tu. Kwa hiyo apitaye njiani hana haja ya kuogopa mnara; mwenye haja hiyo ni fundi asimamaye mbele ya antena isiyozimwa.

Je, akiumia, nani atamlisha? Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya mafao ya majeraha kazini humlazimu mwajiri kumkatia mfanyakazi bima, na dai hutakiwa kupelekwa katika muda wa miezi 12. Hiyo ni ngao njema. Walakini fidia hufuata ushahidi. Mfupa uliovunjika hujishuhudia wenyewe. Joto lililopenya mwilini huweza kupita bila kuacha kovu. Tena, ziko hati za bima duniani ambazo hutaja wazi kwamba madhara ya mawimbi hayatalipwa.

Huko Alaska, katika Marekani, fundi mmoja alipatwa na mawimbi ya redio kazini mwaka 1998. Mwajiri wake alibisha kwamba maradhi yake hayakutokana nayo. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilithibitisha haki yake ya fidia mwaka 2007. Hesabu, msomaji, ni miaka mingapi hiyo kwa mtu asiyeweza kazi.

Basi ukipata kuwa fundi, hakikisha antena imezimwa kabla ya kupanda, na uvae kifuani kipimo cha mawimbi. Isome hati ya bima mpaka mwisho. Ukihisi joto lisilo la kawaida, shuka, umwone daktari, uandike siku, saa na mnara. Wazee walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari; na afya ndiyo mali ya kwanza ya mfanyakazi.