Siafu Kwanza, Mgonjwa Baadaye

Nilipanda Kilimanjaro miaka sita nikiwa mpagazi kabla sijakabidhiwa begi la dawa. Kule juu wapagazi tunajiita wagumu. Jina zuri, ila lina gharama yake: mgumu haumwi kichwa.

Nilipopandishwa kuwa mwongozaji msaidizi, nikapelekwa Moshi kusomea huduma ya kwanza ya nyikani, saa 80 za darasani na za porini. Nilidhani nyika ni Serengeti. Mwalimu akasema nyika ni popote ambapo hospitali iko mbali kwa zaidi ya saa moja. Kwa hesabu hiyo, kwa bibi yangu kule Rombo enzi za utoto wangu kulikuwa nyika tupu, na wakunga wa kijiji walishahitimu kozi ile zamani, cheti tu ndicho hawakupewa.

Zoezi la kwanza lilikuwa shambani, kati ya migomba. Mwenzetu alilazwa chini, kapakwa juisi ya rozela kichwani, anakoroma. Tukamkimbilia wote. Muda si mrefu tukaanza kurukaruka na kujipiga mapaja, maana palikuwa na msafara wa siafu hatua mbili tu kutoka alipolala. "Sasa nina wagonjwa 11," mwalimu akasema, hata hakucheka. Tangu siku ile nikifika penye ajali nasimama kwanza, natazama juu kama kuna jiwe linakuja, natazama chini, ndipo nainama.

Mengine yalikuwa ya mikono: kufunga mguu uliovunjika kwa godoro la kulalia na fimbo za kutembelea, au kumhesabia mtu pumzi huku umemshika kifundo cha mkono kana kwamba unahesabu mapigo, kwa sababu akijua unamhesabia pumzi hubadilisha. Lakini somo lililonikaa ni la mwinuko. Pale Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili usipozoea, maji huvuja kwenye mapafu, au ubongo huvimba. Mtu akiumwa juu, chukulia ni mwinuko hadi ithibitike vingine. Na tiba ni kumshusha. Vidonge na mtungi wa oksijeni ni vya kumfikisha chini akiwa hai.

Basi kila jioni nikawa nawavisha wageni kipimo cha oksijeni kidoleni, nawauliza habari za kichwa, tumbo, usingizi. Wagumu hakuna aliyewauliza, hata mimi niliyetoka kwao.

Usiku mmoja kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, niliingia hema la jikoni kuomba maji ya moto. Kijana mmoja amejikunyata pembeni, ugali wake haujaguswa. Mpagazi na kuacha ugali!

"Vipi, dogo?"

"Poa tu kaka, uchovu."

Nikamwambia avae viatu, atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole. Hatua ya tatu akapepesuka kama katoka kwenye mbege. Wenzake wakacheka. Kumbe kichwa kilimuuma tangu jana yake, akanyamaza, kwa sababu anayeshushwa hulipwa siku alizofanya tu, na bakshishi hugawanywa hayupo.

Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja, umebebwa kwa ajili ya wageni. Mkuu wa msafara akautazama, akanitazama, akasema, "Haya, chukua." Tukamshusha usiku uleule kwa njia ya Mweka, tukipokezana machela, miguu ikiteleza kwenye changarawe. Alfajiri, mita kama 3,100, akaomba chai, kisha akauliza mzigo wake kaubeba nani. Hospitalini walimlaza siku mbili.

Nikajaza fomu ya tukio. Ilikuwa na nafasi ya jina la mgeni, nchi anakotoka, namba ya bima. Neno "mgeni" nikalikata kwa kalamu, nikaandika "mpagazi". Nchi: Tanzania. Penye bima nikapiga mstari.