Mwezi Mpevu Huko Rugenge

Rugenge ni mtaa mmojawapo wa Uvira, mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Nilipokaa huko nilikuwa kijana mseja, mwenye chumba cha kupanga, mkeka, sufuria mbili na mbabula. Nusu ya mshahara ilikuwa ya karo ya wadogo zangu. Iliyobaki ilipaswa kunifikisha mwisho wa mwezi.

Nilidhani ni mwezi wa kalenda, kumbe ni ule wa mbinguni! Wavuvi huvua ndagala usiku kwa taa, maana samaki hao huvutwa na mwanga. Lakini mbalamwezi ikilijaza ziwa zima, taa hazifui dafu mbele yake. Mitumbwi hupumzika, na bei sokoni hupanda.

Mwezi mpevu wa kwanza ulinikuta sina akiba. Siku nne nilikula bugali na sombe isiyo na mawese, nayo karo imo mfukoni ikinishawishi. Nilikwisha kushika njia ya sokoni nayo, ndipo mama mwenye nyumba aliponiita: “Mwanangu, wakati wa giza ndagala ni tele. Nunua, uanike, uweke.” Nikarudi.

Giza lilipoingia nilinunua ndagala wabichi, nikawaanika juani. Mtoto wa jirani alifukuza kunguru kwa ujira wa konzi moja. Nadhani alikula mbili.

Mwezi mpevu uliofuata nilikaa kizingitini na sahani yangu. Karo ilikwisha kupelekwa. Ziwani hapakuwa na taa hata moja, ila zile za Bujumbura ng’ambo.