Virusi Vilitoka Kwangu, na Nikanyamaza

Leo hakuna video. Kuna kitu nataka kusema na ni heri nikiandike, kwa sababu nikiwasha kamera najijua, nitaanza kuchekesha watu ili nitoroke ukweli.

Hapa Naitiri wengi mnaniita "yule kijana wa kompyuta". Nilienda chuo kusomea mambo hayo, nikafika mwaka wa pili, karo ikakataa, nikarudi nyumbani na begi moja na laptopu ya mtumba. Cheti sikupata lakini jina nilipewa. Ukiwa na jina kama hilo, halafu laptopu yako mwenyewe ishikwe na virusi, utamwambia nani?

Ilianza hivi. Nilipata kazi ya kushuti mazishi ya mzee mmoja, shilingi 6,000. Programu ya kuediti niliyotaka inalipiwa kila mwezi kwa dola, na dola mimi naziona tu kwa habari. Nikatafuta ile imevunjwa kufuli, ile wasee huita kraki. Maagizo yake yalikuwa wazi kabisa: kwanza zima antivirasi. Hakuna mtu alinishika mkono. Nilizima mwenyewe. Programu ikafanya kazi, video ikatoka safi, nikaiweka kwa flashi tatu, nikapelekea familia na nikalipwa.

Siku nne baadaye mwalimu anayeishi karibu na boma hilo akanipigia. Alikuwa ameitazama video kwa laptopu yake, halafu akachomeka flashi yake ya kazi.

"Kijana, alama za watoto zimeenda wapi? Naona folda zina vimishale, na nikibonyeza zinakataa."

Unajua nilimjibu nini? "Mwalimu, labda laptopu yako imezeeka." Nilisema hivyo na sauti ya daktari kabisa.

Usiku huo nikachukua flashi mpya, nikaitia folda moja, nikaitoa, nikairudisha. Ile folda ikarudi na kimshale. Moyo ulinishuka. Virusi vilikuwa vimetoka kwangu.

Acha nieleze vile vinafanya kazi, maana watu wengi hupoteza vitu bure hapa. Virusi vya aina hii havifuti faili zako. Vinazificha, halafu vinaweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lilelile na picha ileile ya folda. Ukibonyeza hiyo njia ya mkato, ndiyo unaviamsha. Vikishaingia kwa kompyuta, vinangoja. Kila flashi itakayochomekwa hapo inaondoka navyo. Havihitaji intaneti, vinahitaji tu watu wanaopeana flashi, na huku kwetu flashi inatembea kuliko bodaboda: kutoka kanisani hadi kwa cyber, kutoka cyber hadi shuleni, mpaka Kitale na kurudi.

Sasa aibu yangu iko hapa. Nilijua, na nilinyamaza siku tisa. Nilijiambia nitatengeneza laptopu kimyakimya na hakuna atakayejua. Ningeanza vipi, "mimi fundi wenu nimewaambukiza"? Na ndani ya hizo siku tisa nilipokea kazi nyingine mbili, nikazipeana kwa flashi. Nikajidanganya kwamba nimezisafisha vizuri.

Kilichonisukuma ni kitu nilichosoma nikitafuta dawa. Mwaka wa 1986, ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza Brain, vinavyohesabiwa kuwa virusi vya kwanza vya kompyuta za aina ya PC. Walikuwa wanauza programu, na walisema walichoka na watu wanaoinakili bila kulipa. Virusi vyao vikasambaa kwa diski, vile vyetu vinasambaa kwa flashi. Lakini ndani yake waliandika majina yao, anwani ya duka na namba za simu.

Nilikaa na hiyo kitu. Watu walioandika virusi waliacha namba ya simu. Mimi niliyevisambaza kwa majirani zangu nilikuwa sishiki simu ya mwalimu.

Asubuhi nikaanza na laptopu yangu. Niliitoa kwa intaneti, nikaitupa ile kraki, nikawasha tena Windows Defender na kufanya ule ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao kompyuta inajizima na kukaguliwa kabla Windows haijaamka. Hii ndiyo inaanza. Ukisafisha flashi na laptopu bado ni mgonjwa, unafua nguo ukiwa umesimama kwa matope. Halafu nikabadilisha nywila zangu zote kwa simu, kwa sababu huwezi kujua kraki iliondoka na nini.

Kisha nikaenda kwa mwalimu. Nikamwambia yote, hata ule uongo. Nikasafisha laptopu yake, nikafuta zile njia za mkato, nikafungua ile skrini nyeusi na kuandika mstari mmoja: attrib -h -r -s /s /d G:\*.* (hiyo G ni herufi ya flashi, yako inaweza kuwa nyingine). Folda zikarudi zote, moja baada ya nyingine, na alama zote ndani.

Nilidhani atafurahi. Akanyamaza kidogo, akanionyesha rundo la karatasi mezani.

"Nimesahihisha upya darasa zima, usiku mbili, na taa ya sola. Ungeniambia siku ile ningelala."

Sikuwa na jibu.

Nikaandika majina ya wote niliowapa flashi, watu kumi na wanne, nikawapigia mmoja mmoja. Wengine walicheka. Mmoja alinitusi na nilimwacha amalize. Lakini mwalimu wa kwaya nilimpata nimechelewa. Alikuwa amepeleka flashi kwa fundi, fundi akasema hakuna kitu ndani, akafomati. Nyimbo za miaka mingi, na sauti za waimbaji wengine ambao wameshazikwa. Tulijaribu programu za kurudisha faili, tukapata vipande tu. Hiyo sina namna ya kuirembesha. Virusi vilizificha tu zile nyimbo. Ningepiga simu siku ya kwanza, zingekuwepo.

Kwa hivyo ukinisikia nikisema kraki si ya bure, sikuhubirii. Siku hizi naediti na programu ya bure ya halali, inakwama kwama, tunavumiliana. Na kazi ya mteja haitoki kwangu kabla sijaijaribu kwa mashine nyingine.

Na kama ulipata flashi kwangu, au kwa mtu aliyepata kwangu, na folda zako zina vimishale, tafadhali usifomati. Angalia kwanza nafasi iliyotumika: flashi ikionekana tupu lakini inasema imejaa nusu, vitu vyako bado viko. Nipate sokoni. Silipishi, na sitakuambia laptopu yako imezeeka.