Nilifundisha maafande wa nchi sita jinsi ya kuhoji, siku ya nne wakanihoji mimi

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, wa kimyakimya, nasoma mpaka komenti ya mwisho halafu nazima simu nalala. Leo zamu yangu. Jina langu naomba libaki kapuni, na wote nitakaowagusa humu sitawataja majina wala kusema nani katoka nchi gani, maana wako kazini bado, na mimi ugali wangu unatoka hukohuko.

Mimi ni askari polisi, mwanamke, mama wa watoto wawili. Najua wengine mkishasikia polisi mnataka kupita hivi. Subirini kidogo, leo sijaja kujitetea.

Mwaka 2023 nilipewa kazi ambayo sikuitegemea kabisa: kuongoza kozi ya wiki mbili ya wapelelezi 24 kutoka nchi 6 za ukanda wetu, pale Nairobi. Somo lilikuwa moja tu, jinsi ya kumhoji mtu. Nilivyosoma ile barua nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Nikaenda Kariakoo nikanunua suti mbili, nikasuka, na nilipofika uwanja wa ndege nikapiga picha na begi langu nikaweka stetasi. Mashosti wakajaa. "Afande wa kimataifa!" Jamani nilijiona nimefika.

Siku ya kwanza ratiba ilisema lugha ya kozi ni Kiingereza. Kilidumu mpaka chai ya saa nne. Baada ya hapo Kiswahili kikaingia chenyewe, cha Dar, cha Nairobi, cha kambini Uganda, cha mashariki ya Kongo, kila mtu na lafudhi yake na tunaelewana. Neno lililotuunganisha zaidi ni hilo la "afande". Lilitoka kwa Waturuki zamani hizo, likaja na majeshi, na leo ukiita "afande" ukumbi kama ule wanageuka wote.

Darasani kulikuwa na mzee mmoja nitamwita Mzee wa Mbele, kwa sababu alikaa meza ya mbele siku zote. Miaka 26 kazini. Daftari lake halikuandikwa kitu. Alikuwa ananiita "binti yangu" kwa sauti ile ya mtu anayesubiri ukosee. Pembeni yake alikaa koplo mmoja wa kike, mdogo, mpole, anayeandika kila ninachosema mpaka kikohozi.

Sasa nilikuwa nafundisha nini? Niwape kidogo, maana hata ninyi raia inawahusu.

Sisi wengi tumekuzwa kazini kwa imani kwamba kesi nzuri ni ile mtuhumiwa kakubali. Akikubali umemaliza, jalada linaenda. Mimi nilianza na kisa cha Uingereza. Mwaka 1974 mabomu yalilipuka kwenye baa za Guildford na Birmingham, watu wakafa, wananchi wana hasira, polisi wanataka majibu. Watu wanne wakafungwa kwa ya Guildford, sita kwa ya Birmingham, na maelezo ya kukiri yalikuwepo, yamesainiwa. Wale wanne wakaja kuachiwa 1989, wale sita 1991. Haikuwa wao. Piga hesabu mwenyewe, mtu kaingia kijana katoka mzee.

Mambo kama hayo yakawasukuma polisi wa kule, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kubadili namna ya kuhoji. Wakaweka hatua tano: unajipanga kabla, unajenga maelewano na kumweleza mtu haki zake na utaratibu, unamwachia aeleze, unafunga vizuri, halafu unajipima. Mwaka 2021 zikatoka kanuni zinazoitwa za Méndez, kwa jina la Juan Méndez, mwanasheria wa Argentina ambaye yeye mwenyewe alikamatwa na kuteswa nchini kwake miaka ya 1970, baadaye Umoja wa Mataifa ukampa kazi ya kufuatilia masuala ya mateso duniani. Yaani aliyeonja ndiye anayetuambia jinsi ya kuhoji bila kumwumiza mtu.

Kwa vitendo ni hivi. Humwambii mtu "uliingia dukani saa mbili, si ndiyo?" Unamwambia "nieleze siku yako yote, toka ulipoamka." Halafu unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo maafande walipopata shida! Tulipiga saa, wengi hawakufikisha dakika moja bila kumkatiza anayeeleza. Na ushahidi ulio nao huumwagi mwanzoni, kwa sababu ukishamwonyesha ufunguo na ukamwambia pesa zilikuwa kwenye boksi gani, basi baadaye akikutajia ufunguo na boksi huwezi kujua kama anajua yeye au kajifunza kwako.

Hilo la mwisho nililisema huku moyo unanidunda. Mtajua kwa nini.

Siku ya nne tulikuwa tunalinganisha sheria zetu. Kule Kenya maelezo ya kukiri hayachukuliwi na mpelelezi wa kesi yenyewe, anachukua mwingine, na mtuhumiwa anachagua mtu wake wa kukaa naye. Uganda sheria inaangalia cheo cha anayeyachukua. Kwetu Tanzania tuna maelezo ya onyo, na sheria inatoa saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, zikizidi ziongezwe kwa utaratibu. Nikasimama pale nasema "saa nne, ndugu zangu, saa nne!" kwa madaha kabisa.

Mzee wa Mbele akanyoosha mkono.

"Binti yangu, hayo ya kwenye makaratasi tumeyasikia. Mimi nina swali dogo. Wewe, kwa mikono yako, uliwahi kumkubalisha mtu kosa ambalo hakufanya?"

Ukumbi ukawa kimya. Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, yote ya uongo na yote mazuri. Ningeweza kusema "turudi kwenye mada." Nikamwangalia yule koplo mdogo, kalamu yake ipo juu ya karatasi, anasubiri niseme nini aandike.

Nikasema, "Ndiyo."

Mwaka 2012 nilikuwa bado mgeni kazini. Duka moja la jumla liliibiwa milioni 4 na laki 8. Hakukuwa na mlango uliovunjwa, kwa hiyo aliyeiba alikuwa na ufunguo au aliachiwa. Kulikuwa na kijana wa miaka 19 anayebeba mizigo pale dukani. Mwenye duka akamnyooshea kidole. Bosi wangu akaniambia anataka jalada Jumatatu asubuhi, na ilikuwa Jumamosi.

Sikumpiga. Nataka mlijue hilo, na nataka mjue kwamba kwa miaka 11 hilo ndilo nililolalia. Sikumgusa hata ukucha. Nilimkalisha kwenye kiti toka magharibi mpaka alfajiri. Akisinzia nagonga meza. Nilimwambia asipokubali namleta mama yake akae pale alipokaa yeye. Nikamuuliza, "Ufunguo ulichukua kwenye droo, si ndiyo? Pesa zilikuwa kwenye boksi la sabuni, si ndiyo?" Ilipofika alfajiri alikuwa anasema mwenyewe: nilichukua ufunguo kwenye droo, pesa zilikuwa kwenye boksi la sabuni. Nikaandika. Akasaini. Bado nakumbuka herufi zake, za mtu aliyeishia darasa la saba.

Jumatatu kwenye gwaride nilisifiwa mbele ya wenzangu.

Dhamana ilikuwepo lakini wadhamini hakupata, akakaa mahabusu miezi 7. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, akauza cherehani alipe wakili. Halafu siku moja kwenye familia ya mwenye duka kukazuka ugomvi, na kwenye ule ugomvi likatoka jina la shemeji, na ufunguo wa pili ukapatikana kwake. Kesi ya kijana ikaondolewa. Akafunguliwa mlango akaambiwa nenda. Hakuna aliyemwambia pole, na mimi siku hiyo nilijipangia kazi nje ya kituo ili nisimwone.

Hayo yote niliyasema pale mbele, na projekta inawaka nyuma yangu, imeandikwa "saa 4."

Hakuna aliyepiga makofi kama kwenye filamu. Wengine waliangalia simu zao. Mmoja akatoka. Mzee wa Mbele akafunga daftari lake taratibu akasema, "Ahsante, binti yangu. Mimi yangu ni zaidi ya moja." Hakuongeza neno, na mpaka kozi inaisha hakuyasimulia. Ila kwenye mazoezi ya wiki ya pili, tulipomletea mtu wa kuigiza mtuhumiwa, yule mzee alimuuliza swali moja akanyamaza dakika 11. Nilipiga saa. Daftari lilikuwa limefunguliwa na anaandika.

Yule koplo alinifuata jioni kwenye korido. Akaniuliza, "Afande, na bosi akitaka jalada Jumatatu, mimi koplo nafanyaje?" Jamani, hilo ndilo swali, na mpaka leo naona jibu langu halikumtosha. Nilimwambia aandike kila kitu, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, nani alikuwepo chumbani, kwa sababu saa ikishaandikwa hata bosi anaogopa. Akaitikia kwa kichwa kama mtoto anayeambiwa dawa si chungu.

Kumbe kuna mtu darasani alinirekodi. Niliporudi nyumbani sauti yangu ilikuwa imefika kabla yangu. Nikaitwa ofisini. "Ulienda kufundisha au kuungama?" Nikaambiwa nimeitia doa kazi mbele ya wageni. Kozi iliyofuata jina langu halikuwepo, na wenzangu wawili watatu niliokuwa nakula nao mchana wakaanza kuwa na haraka nikikaa. Ile picha ya uwanja wa ndege nimeifuta.

Lakini siyo hilo lililonileta hapa.

Mwaka jana nikaamua kumtafuta yule kijana. Haikuwa ngumu, sisi ndiyo kazi yetu. Anaendesha bajaji, ana mke na mtoto. Nilimpigia nikajitambulisha, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani kakata. Tukaonana kijiweni kwao, mchana kweupe, yeye alichagua. Nimeshahoji watu wengi lakini siku ile ulimi uliniganda. Nikamwambia nilimkosea, na nikamwambia nilijua toka alfajiri ile kwamba anarudia maneno yangu.

Akaniangalia akasema, "Afande, mimi nilishajifunza kutokuwaza. Ningekuwa nawaza nisingeweza kuendesha hii bajaji. Asiyesahau ni mama."

Nikamuuliza kama naweza kwenda kumwona mama. Akasema, "Ukienda usiende na bahasha. Wala cherehani, maana najua unawaza cherehani." Na ni kweli jamani, nilikuwa nimeshaulizia bei.

Akawasha bajaji akaondoka. Hakusema nimekusamehe, na sikuwa na haki ya kumdai.

Imepita miezi sita sijaenda. Kila Jumapili nasema wiki ijayo. Najiambia mama mzima nitamwumiza upya, najiambia labda presha itampanda, najiambia watoto wangu wakijua je. Sababu ninazo nyingi, na ninaowahoji wakiniletea sababu nyingi hivyo huwa najua wanakwepa kitu.

Naogopa nini hasa? Naogopa huyo mama ataniambia nikae, halafu ataniambia, "Haya, nieleze usiku ule wote, toka mlipoanza." Halafu atanyamaza. Na mimi ndiye niliyewafundisha watu 24 kwamba hapo huruhusiwi kumkatiza mtu wala kumsaidia maneno.

Wadau, mtanitukana, na mengine mtakayosema nitayastahili. Ila mwenye mzazi au ndugu aliyepitia kama ya huyu kijana, naomba uniambie ukweli. Mtu kama mimi akibisha hodi kwenu mikono mitupu, mngemfungulia? Au kunyamaza kwangu ndiyo heshima pekee iliyobaki kwa yule mama?

Nitasoma komenti zote. Safari hii sitalala kabla ya kujibu.