Ukuta wa Libuyu

Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yahamie mikononi mwa Wazaire. Mwenye kahawa mmoja akaondoka Goma na kuacha boti yake ya tanga ufukweni Himbi. Baba mdogo aliinunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu aliyepewa lile shamba, ambaye hakujua mlingoti ni wa kufanyia nini. Ilikuwa boti ya mbao tupu: mkuku, mataruma, mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu na sitaha fupi mbele. Chini ya mlingoti kulikuwa na ukuta wa ubao uliokikata chombo toka upande huu hadi upande ule.

Tanga halikudumu. Ziwa Kivu asubuhi hulala, alasiri huamka na hasira, na mama mwenye mananasi ya kisiwa cha Idjwi hawezi kungoja upepo uamue. Injini ya Yamaha ikafungwa nyuma, mlingoti ukakatwa, tanga likapasuliwa vipande vya kufunikia maharagwe. Ukuta ukabaki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubeba uzito wa mlingoti, na wengi walidhani sasa haukuwa na kazi tena. Kazi ilikuwepo. Magunia yakipangwa ndani husukuma mbavu kwenda nje, wimbi huzisukuma kurudi ndani, na ukuta ndio unaozishikilia mahali pake. Tena maji yakiingia mbele, hayakimbilii nyuma yote kwa mara moja.

Ulioza kwa sababu ya makala, yaani mkaa tuliokuwa tukiubeba. Chini kabisa, pale ukuta ulipokutana na mkuku, palikuwa na tundu dogo la kupitishia maji ili yachotwe nyuma kwa kopo. Vumbi la makala likichanganyika na maji huganda na kuwa uji mweusi, na uji ule uliziba tundu. Mvua iliyopenya kwenye sitaha ikawa inakaa mbele ya ukuta, wiki baada ya wiki, mahali pasipofika jua wala hewa. Mafundi wa pwani, kule Lamu na Zanzibar, wanapigana na mdudu anayetoboa mbao za vyombo vyao, lakini chumvi ya bahari huwasaidia kuzuia kuvu. Kivu halina mdudu huyo. Sisi adui yetu ni mvua. Ubao uliozama moja kwa moja hukaa miaka mingi, na ubao mkavu vilevile. Unaoliwa ni ule wa katikati, usiozama wala kukauka.

Fundi alitoka Idjwi, mzee mfupi asiyependa kuharakishwa. Mimi nilikuwa kijana wa kumshikia misumari. Nilimwonyesha ukuta, nikasema mbona rangi yake bado nzuri.

“Rangi inadanganya, dogo. Gonga kwanza.”

Nikagonga kwa mpini wa nyundo. Juu ubao uliitika kwa sauti kavu, yenye mlio. Kadiri nilivyoshuka sauti ikawa inamezwa, hadi usawa wa goti ikawa haipo. Mzee akachukua kisu chake, akakisukuma kwa kiganja tu, kikazama hadi mpini. Alipokigeuza, ubao ukamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai, wa rangi ya kahawia, umepasukapasuka vipande vya mraba. Nyuma ya rangi ile nyeupe palikuwa na unene wa kucha tu uliobaki mzima.

Baba mdogo alitaka akate sehemu iliyooza na kupachika kiraka. Fundi alikataa. Kuvu, alisema, hutangulia mbali kuliko jicho linavyoona, na kiraka kingekaa juu ya ugonjwa. Kabla hajang'oa chochote alikata nguzo mbili za mikaratusi, akazikaza kwa kabari kati ya mbavu za kushoto na za kulia, maana boti ikiachwa bila ukuta hujitafutia umbo jipya, na ukuta mpya ukija hauingii. Hapo ndipo akaanza kuuvunja ule wa zamani, kipande kwa kipande, akivipanga mchangani kama vilivyokuwa ili avitazame.

Kipimo alikitengeneza kwa katoni za sabuni. Alizikata vipande virefu, akaviunganisha kwa misumari midogo mpaka vikajaza nafasi yote. Akashika penseli juu ya kijiti na kuburuta kijiti kile ubavuni mwa boti, juu hadi chini, huku penseli ikichora kila bonde na kila kilima kwenye katoni. Nimewaona mafundi wenye mashine za umeme wakikosa mstari ule. Katoni ikahamishiwa juu ya mbao za libuyu zilizokuwa zimeletwa na lori kutoka upande wa Beni, nene, pana, zilizosimamishwa kivulini kiangazi kizima zikauke. Baba mdogo alinung'unika kwa kila siku ambayo boti haikuingiza zaire hata moja. Mzee hakujibu.

Jambo ambalo sikulielewa siku ile ni kwamba aliukata ukuta ukawa mdogo kidogo kuliko nafasi. Aliufungia kwenye taruma, akaacha mwanya mwembamba kati ya ukingo wake na mbao za ubavu. Nilidhani amekosea kipimo. Kumbe ukingo mgumu ukigusa ubao wa nje, kila wimbi huukunja ule ubavu mahali palepale, na hapo ndipo utakapopasuka. Ncha za mbao, zile zinazonywa maji kama mtu mwenye kiu, alizinywesha mafuta ya moto na kuzipaka lami. Matundu ya maji akatoboa mawili, mapana, na kunikabidhi kijiti: kila jioni niyazibue.

Ukuta ule ulikaa. Ulivusha watu mwaka 1994, mji ulipofurika wakimbizi kutoka Rwanda. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipomwaga moto katikati ya Goma hadi ziwani, boti ilikuwa Idjwi, ikapona. Mji haukupona hivyo. Tulijenga upya juu ya mawe meusi, na tulijenga kwa mbao. Tangu hapo sidhani kama Goma imewahi kuwa na ubao wa kutosha, maana kila lori lililoshusha mbao lilikuta watu wa nyumba wameshapanga foleni, na mtu wa nyumba haulizi kama ubao umekauka.

Baba mdogo alifariki, boti ikaenda kwa mwanawe, ndugu yangu. Vijana hawakuwa na kijiti. Nilipoitwa kuutazama ukuta, mwanzoni mwa 2024, sauti ilimezwa kuanzia kiunoni. Libuyu hakuna: barabara ya Rutshuru inayotoka Beni na Butembo ilikuwa imekatwa na vita tangu 2022, na mbao chache zilizopita kwa njia nyingine ziliuzwa kwa dola nisizotaka kuzitaja. Februari hiyo vita vikaifunga na barabara ya Sake kwenda Minova. Chakula cha mji kikawa kinakuja kwa maji. Kituku, ufukweni mwa mji, palijaa maboti, magunia, mbuzi na watu kuliko nilivyowahi kuona, na mwenye boti aliyeiweka nchi kavu kiangazi kizima, kama baba yake alivyofanya, angehesabiwa kichaa. Ndugu yangu aliung'oa ukuta kwa siku moja na hakuweka kitu. Hakuwa mvivu. Alipata nafasi ya magunia sita zaidi, na ana watoto watano shuleni.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu na Kituku, watu wa ufukweni wakitazama. Walikufa makumi. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na sitajifanya kwamba ukuta wa ubao ungewaokoa. Uzito ukizidi, hakuna fundi. Lakini wiki ile nilikwenda kwa ndugu yangu, tukaketi ndani ya boti, nikamwonyesha misumari ya mataruma ilivyoanza kulegea, kila mmoja na duara la kutu lililovuja maji.

“Mukubwa,” akasema, “hayo magunia sita utanilipa wewe?”

Nilimwambia nitalipia nusu ya mbao. Akafikiri, kisha tukapatana kama watu wa sokoni: nusu ukuta. Unafika usawa wa goti, unashika mbavu kiasi, na gunia linaweza kulala juu yake. Maji hauzuii. Ni wa mikaratusi iliyonunuliwa asubuhi, umepigiliwa mchana bila katoni wala mwanya, na kabla ya jioni ulikuwa umeshapakwa rangi ya bluu, ubao wenyewe ukiwa bado mbichi.