Kelele za Mvua, Dakika ya Kumi na Saba

Desemba 2021 nilikabidhiwa kazi ambayo sikuiomba. Ukoo wetu, kule Ipinda wilayani Kyela, ulikuwa na mgogoro wa shamba la mpunga lililoko bondeni, si mbali na Mto Mbaka. Baba zangu wadogo wawili walidai kuwa shamba hilo ni la marehemu babu na kwamba, kwa desturi, lirudi kwa watoto wa kiume. Shangazi zangu wawili, ambao ndio waliolilima kwa zaidi ya miaka ishirini, walitakiwa kuliachia. Ushahidi uliotegemewa ulikuwa kaseti niliyomrekodi babu wakati wa likizo ya Pasaka mwaka 1999, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Kila mtu alikumbuka kwamba humo babu alisema, kwa kinywa chake, kuwa shamba lile alilianzisha kwa fedha za Wenela. Msomi wa ukoo akaagizwa kuileta kaseti.

Kwa vijana wasiolijua neno hilo, Wenela lilikuwa shirika lililowakusanya vibarua kutoka nchi za kusini mwa Afrika na kuwapeleka katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Kutoka mwambao wetu wa Ziwa Nyasa, wanaume wengi walivuka Mto Songwe, wakaingia Nyasaland, na huko wakaanza safari ya kwenda Joni, yaani Johannesburg. Babu alikwenda katika miaka ya 1950. Serikali ya Tanganyika ilikomesha uajiri huo baada ya Uhuru, lakini wazee waliendelea kuusimulia hadi walipoingia kaburini.

Kaseti ilikuwa imechakaa. Niliunganisha redio kaseti kwa waya na kompyuta ya mezani iliyoko katika steshenari ya dada yangu pale Ipinda, nikaihamishia sauti humo. Kompyuta hiyo ni kongwe. Programu za kuchezea muziki zenye madirisha na vitufe vya rangi huifanya igande, na hata zinapokubali kufanya kazi, ukigusa kipanya kidogo tu unaruka dakika nzima. Kwa bahati, nilikuwa nimekwisha kuiwekea mfumo wa Linux, na ndani yake programu iitwayo mpv, ambayo ni kizazi cha MPlayer, programu iliyoanzishwa mwaka 2000 na Árpád Gereöffy wa Hungaria. Ni programu huria: haikutaki ujisajili, wala haili bando. Unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika jina lake na jina la faili:

mpv kaseti.wav

Sauti inaanza, na katika dirisha unaona mstari mmoja tu wa maandishi ukihesabu dakika na sekunde. Mengine yote hufanywa kwa vidole. Kitufe cha nafasi husimamisha sauti na kuiendeleza. Mshale wa kushoto hurudisha nyuma sekunde tano. Mabano ya mraba hupunguza au kuongeza mwendo kwa takribani asilimia kumi kila unapobonyeza, na sauti ya msemaji haigeuki kuwa nzito kama ya jitu. Herufi l ukiibonyeza mara moja huweka alama ya mwanzo, mara ya pili alama ya mwisho, na kipande kilicho kati ya alama hizo hujirudia hadi utakapochoka. Umeme ulikatika mara mbili jioni ile. Kwa kuwa nilikuwa nikiandika dakika katika daftari, nilirejea pale pale nilipoishia:

mpv --start=17:20 --speed=0.7 kaseti.wav

Mwendo wa polepole niliuhitaji kwa sababu ya lugha. Kinyakyusa kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Tena irabu ndefu na irabu fupi zinaweza kutenganisha maneno mawili yasiyohusiana. Kwa sikio langu lililozoea Kiswahili cha kumbi za mihadhara, maneno ya babu, chini ya mvua iliyokuwa ikipiga bati, yalinihitaji kila neno nilisikilize mara tatu.

Kwenye dakika ya kumi na saba babu anasema: "Niliporudi kutoka Joni na fedha zangu, nikalianzisha shamba la bondeni." Ndivyo ukoo ulivyokumbuka. Kisha mvua inazidi, na babu anaendelea na habari nyingine. Lakini katikati ya mvua ile niligundua sauti nyingine. Niliweka alama mbili, nikaongeza sauti kwa kitufe cha sifuri, nikapunguza mwendo. Ilikuwa sauti ya bibi, kutoka jikoni. Maneno yake, kwa Kiswahili, ni haya: "Ulilikuta limelimwa."

Nilifungua daftari langu la mwaka 1999, nilimonakili mahojiano yale yote kwa kalamu. Mahali pa maneno ya bibi nilikuwa nimeandika neno moja: kelele.

Nilikaa muda mrefu mbele ya dirisha lile jeusi. Nilikuwa kijana niliyefundishwa kwamba historia ni mtu aliyeketi mbele ya kinasa sauti. Niliuliza kuhusu Wenela, mikataba na migodi. Sikuuliza nani alilima wakati wanaume wapo Joni. Jibu lilitolewa bila kuulizwa, nami nikaliandika kuwa kelele.

Kesho yake wanaukoo walibanana ndani ya steshenari, kati ya mashine ya kudurufu na marundo ya karatasi. Niliwachezesha kipande kile. Baba mdogo mkubwa aliinamisha kichwa, akasema, "Mwanangu, rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara ya tatu hakusema kitu. Ndipo shangazi yangu mdogo aliponiambia, bila hasira, "Mwanangu, haya mama aliyasema kila msimu wa kupandikiza. Nasi tumeyasema katika kila kikao. Leo mmeyasikia kwa sababu yametoka kwenye kompyuta?"

Sikuwa na jibu. Kikao hakikuhitimishwa siku ile, na uchungu haukuisha. Shamba bado liko mikononi mwa shangazi zangu, na msimu uliofuata walipanda kama kawaida. Sheria ilikuwa upande wao muda wote: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, ya mwaka ule ule wa 1999, inatamka katika kifungu cha 3(2) kuwa haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, na kifungu cha 20 kinabatilisha desturi inayomnyima haki hiyo. Lakini sheria nayo huhitaji masikio.

Ninawaandikia haya wanafunzi wangu wanaokwenda uwandani na simu zenye vinasa sauti, wanaharakati wanaokusanya shuhuda, na watumishi wa umma wanaoandika mihtasari ya vikao vya vijiji. Jifunzeni chombo kinachowaruhusu kurudi nyuma sekunde tano, kisha tano nyingine. Ni amri chache, na hazimalizi jioni moja kuzijua. Ila msikitegemee kufanya kazi ambayo ni yenu. Programu ile ilinirudishia sauti ya bibi baada ya miaka ishirini na miwili. Kwa sauti za shangazi zangu, waliokuwa hai na wameketi mbele yetu, hatukuhitaji programu yoyote.

Katika daftari langu nimelikata lile neno "kelele" kwa mstari mmoja, ili libaki likisomeka. Juu yake nimeandika maneno ya bibi.