Taji ni lao, jua ni letu

Hebu tia mkono mfukoni au ufungue mkoba wako, utoe sarafu zote ulizo nazo na kuzipanga mezani. Ikiwa ni zile za Kenya zilizoanza kutolewa mwezi wa Disemba mwaka wa 2018, utaona twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye shilingi tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Wanyama tele, lakini jua, mwezi na nyota hakuna. Sasa mwombe rafiki aliyetoka Kampala akupe sarafu ya shilingi mia moja ya kwao. Itazame vizuri nembo ya taifa la Uganda iliyochorwa upande mmoja. Katikati ya ngao, juu ya ngoma, utaliona jua.

Hapo umekwisha kuanza mkusanyo wa sarafu za mambo ya anga, na haujakugharimu hata nauli ya matatu.

Watu wengi hudhani kukusanya sarafu ni kazi ya wazee wa Kizungu waliostaafu, au ya matajiri wasiojua la kufanya na fedha zao. Mimi nilianza kwa kopo. Mjomba wangu alifanya kazi bandarini Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao Endarasha, huko Nyeri, kulima viazi na kabeji. Alipofariki, wazee walikaa wakagawa mashamba na ng'ombe. Lilibaki kopo la sarafu ambalo hakuna aliyelitaka. Wakasema nipewe mimi, kwa kuwa mimi ni mtu wa makaratasi.

Ndani mlikuwa na ndururu zenye tundu, thumuni za wakati wa ukoloni, na kipande kimoja cha fedha kilichokuwa kiking'aa kupita kiasi. Kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu na ndimu na binamu yangu mmoja, aliyetaka nipate kitu safi. (Msomaji, usiruhusu mtu yeyote nyumbani kwako kufanya hivyo! Majivu huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na thamani yake huondoka pamoja nayo.) Kilikuwa rupia ya Mombasa ya mwaka wa 1888.

Rupia hiyo ilitolewa na kampuni ya Waingereza iliyopewa hati na Malkia Victoria mwaka huohuo ili itawale na kufanya biashara katika nchi hizi zetu. Ilitengenezwa Birmingham, Uingereza. Upande mmoja kuna mizani na jina la Mombasa. Upande wa pili kuna taji, na chini ya taji kuna jua linalotoa miale, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya Nuru na Uhuru. Nuru kwa nani, na uhuru wa nani? Kampuni yenyewe haikudumu. Kufikia Julai 1895 serikali ya Uingereza ilikuwa imetwaa mamlaka, na jua la kampuni likawa limetua baada ya miaka saba tu.

Jua hilo ndilo lililonitia hamu ya kutafuta mengine. Na kadiri nilivyotafuta ndivyo nilivyozidi kuona kwamba anayeweka anga kwenye pesa mara nyingi ana haja nalo. Mtazame Augustus, mtawala wa Roma. Julius Caesar aliuawa mwaka wa 44 kabla ya Kristo, na miezi michache baadaye nyota yenye mkia ilionekana angani. Watu wakaambiwa hiyo ni roho ya marehemu ikipanda kwa miungu. Augustus alikuwa mwana wa kulea wa Caesar, kwa hivyo nyota hiyo ilimfaa mno. Takriban miaka 25 baadaye zilitolewa sarafu za fedha zenye nyota hiyo, miale minane, mmoja wao ukiwa mkia. Kila aliyenunua mkate alishika mkononi habari kwamba mtawala wake ni mwana wa mungu. Redio hazikuwako siku hizo.

Wakubwa wa karne ya 20 nao hawakuachwa nyuma. Dola ya Marekani iliyoanza kutolewa mwaka wa 1971 ina tai anayetua mwezini, akiwa na tawi la mzeituni kwenye kucha zake, kukumbuka safari ya Apollo 11 ya Julai 1969. Muungano wa Kisovieti ulijibu kwa njia yake: mwaka wa 1981 ulitoa rubo ya kumkumbuka Yuri Gagarin, miaka 20 tangu awe binadamu wa kwanza kuzunguka dunia akiwa angani. Siku hizi Wamarekani wamekuwa wapole kidogo. Robo dola moja ya mwaka wa 2022 ina Sally Ride akiwa dirishani mwa chombo cha anga, na ya mwaka wa 2025 ina Vera Rubin, mama aliyechunguza jinsi makundi makubwa ya nyota yanavyozunguka. Ukiwa na jamaa huko, mwambie akuletee. Ni chenji tu.

Lakini kwangu mimi iliyo tamu kuliko zote imechimbuliwa hapa kwetu. Mwaka wa 2010 wachimbuzi wa mambo ya kale waliokuwa wakifanya kazi Mambrui, karibu na Malindi, walipata sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala hadi mwaka wa 1424. Nyingine ya mfalme huyohuyo ilipatikana kisiwani Manda mwaka wa 2013. Sarafu hizo ni duara, na katikati zina tundu la mraba. Wachina wa kale waliamini kuwa mbingu ni duara na dunia ni mraba, kwa hivyo mtu aliyekuwa na sarafu kama hiyo alikuwa na mbingu na nchi kwenye uzi mmoja. Wakati wa mfalme huyo, mwaka wa 1415, twiga kutoka Malindi alifika China. Nikiiona shilingi yetu ya sasa humkumbuka twiga yule.

Ukibahatika kuokota kitu kama hicho kwenye magofu ya pwani, usikitie mfukoni. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka wa 2006 yataka utoe habari. Aidha, jihadhari na sarafu zinazong'aa zenye picha za roketi, zilizotolewa kwa jina la visiwa ambavyo wenyeji wake hawajapata kuzitumia. Nyingi zilitengenezwa ili ziuzwe kwa watu kama mimi na wewe.

La ajabu ni kwamba Kenya ina haki kamili ya kuweka anga kwenye pesa zake. Tarehe 12 Disemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikawa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa nini tusiwe nayo hata kwenye sarafu moja?

Turudi kwenye rupia. Mwuzaji mmoja wa Nairobi aliigeuza mara mbili, akauliza ni adui gani aliyeisugua, kisha akasema atanipa shilingi elfu nne. Ingekuwa haijaguswa, alisema, angenipa elfu kumi. Sikumwuzia. Jambo lililonikera tangu siku ya mgao ni kwamba mjane wa mjomba hakuketi katika kikao kile. Nilitia elfu nne zangu mwenyewe kwenye bahasha, nikapanda gari hadi Nyeri, kisha Mweiga, hadi Endarasha.

Nilifika jioni. Ukungu wa Nyandarua ulikuwa umeondoka na nyota zilikuwa zimejaa, nyingi kuliko utakazoziona Nairobi kwa mwaka mzima. Tulikaa jikoni kando ya moto. Nikampa bahasha na rupia, nikamweleza bei.

"Nani alikwambia iko kwenye kopo?" akauliza.

"Niliikuta, Mama. Wazee ndio walionipa."

"Mimi hakuna aliyeniuliza, mwanangu." Aliisogeza rupia karibu na mwali. "Alinionyesha hii mwaka tuliooana. Alisema taji ni lao, jua ni letu."

Kisha alizihesabu zile noti polepole, zote, akazirudisha ndani ya bahasha na kunipa. Rupia aliifunga kwenye pembe ya leso yake, akakaza fundo kwa meno. Akaniambia kopo na ndururu zake niendelee kukaa nazo.

Asubuhi nilipewa gunia dogo la viazi. Kwenye albamu yangu nafasi ya rupia ingali wazi. Nimeandika mwaka tu, 1888.